Mgeni akifika Iringa, mpitishe njia ya ngome

Kila Desemba nyumba yangu hapa Kihesa hujaa ndugu kutoka Dar es Salaam na Mbeya. Tukishamaliza chai ya asubuhi swali huwa ni lile lile: "Dada, leo unatupeleka wapi?" Zamani nilikuwa nawatajia hifadhi ya Ruaha, maana ndilo jina wanalolijua. Lakini Ruaha inataka gari imara na pesa ya maana, na ukitaka kuifaidi lazima ulale huko. Siku hizi nawapeleka kwenye ngome ya Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Tunatoka asubuhi, jioni tuko nyumbani, na watoto wanauliza maswali mpaka wanapitiwa na usingizi.

Jina la mji wetu lenyewe limetoka huko. Kwa Kihehe ngome ni lilinga, na ndipo tulipopata Iringa.

Nawaomba wageni wangu jambo moja mapema: wasitegemee kuta zilizosimama kama za Ngome Kongwe ya Zanzibar. Ngome kubwa ya huku ilivunjwa. Unachokwenda kuona ni ardhi, na ardhi hiyo inataka uijue hadithi yake tangu mwanzo. Mara ya kwanza mimi niliwapeleka watu Mlambalasi, kwenye kaburi la Mkwawa, kabla ya kwingine kokote. Wakaona kaburi na majabali, wakapiga picha, wakaniuliza kama kuna duka la soda karibu. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimewaanzishia mwisho.

Kwa hiyo anzia mjini, kwenye boma la Wajerumani. Ni jengo la kuta nene za mawe, lililojengwa miaka ya 1900 mwanzoni, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Saa moja inatosha. Soma maelezo ya ukutani, muulize mhudumu maswali, mtoke.

Anayekuja kwa barabara ya Morogoro namshauri asimame Lugalo kabla hajafika mjini. Wengi wetu tukisikia Lugalo tunafikiria kambi ya jeshi na hospitali ya Dar, tukasahau kwamba jina lilitoka huku. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivizia hapo kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo. Askari walikuwa kwenye mstari mrefu wa safari, na mapigano yaliisha kwa muda mfupi sana. Zelewski mwenyewe aliuawa, na bunduki takriban 300 zikaingia mikononi mwa Wahehe. Leo utakuta mnara wa kumbukumbu na vichaka. Dakika ishirini zinatosha, ila simama ukiwa umeipa barabara mgongo, uangalie majani yalivyo marefu. Utaelewa watu walijificha wapi.

Sasa Kalenga. Hapa usikimbizane na saa.

Ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Ruaha. Daladala zipo, na kama mko watatu chukueni bajaji, mpatane kabisa kwenda, kungoja na kurudi. Kijiji kiko kando ya mto Ruaha Mdogo, na ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa: ukuta wa mawe na udongo wenye kimo cha kumzidi mtu mrefu, uliouzunguka mji mzima. Makumbusho ni nyumba ndogo. Ukifika, salimia "Kamwene" kwanza, hata kama ndilo neno pekee la Kihehe unalolijua. Kisha lipa kiingilio, chukua risiti, na mwache mtunzaji aseme kwa mwendo wake.

Ndani, kwenye kioo, limo fuvu la Mkwawa. Wajerumani walilichukua baada ya kifo chake mwaka 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ulitaja kabisa kwamba lirudishwe, lakini lilirudi Juni 1954, miaka 56 baada ya kifo. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilifuata Bremen, Ujerumani, akalikabidhi hapa hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kama una watoto, waambie nje, kabla hawajaingia, kwamba watakutana na fuvu la mtu, na kwamba ni babu wa watu wanaoishi pale pale kijijini. Mwaka juzi nilikwenda na mjomba wangu kutoka Tukuyu, na mpwa wangu wa miaka sita. Mjomba alipofika mbele ya kioo alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akasoma maandishi polepole huku midomo ikicheza. Yule mtoto akamtazama, naye akavua kikofia chake cha jua, akakishika vile vile. Hawakusemeshana. Sikuwapiga picha, na nafurahi sikuwapiga.

Kisha omba mwongozaji awatoe nje. Usikubali kuondoka bila hatua hii, maana wageni wengi huishia kwenye kioo. Sisi alitupitisha kwenye njia ya mashambani, akasimama juu ya mgongo wa udongo ulioota majani, mawe yamechungulia huku na huku. Mpwa wangu akauliza, "Ngome iko wapi?" Mzee akapiga mguu chini mara mbili: "Hii hapa, umesimama juu yake." Halafu akanyoosha mkono kuelekea kilima cha Tosamaganga. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipanga mizinga yao huko mwaka 1894, na kwamba jina lenyewe linahusu kurusha mawe. Wajerumani waliiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba mwaka huo, Mkwawa akaponyoka.

Mkipata nafasi, baada ya chakula pandeni Tosamaganga kwenyewe. Misheni ya kule ni nzuri, kuna kanisa kubwa na nyumba za matofali. Mimi huwapeleka watu kwa ajili ya kutazama chini. Ukiwa kule juu unaiona Kalenga yote kama sahani mezani. Hapo hata mtoto anafahamu kwa nini ukuta ule, pamoja na ukubwa wake, haukufaa kitu.

Mlambalasi iwekeeni siku ya pili. Ni mbali zaidi, kama kilomita 50 kutoka mjini, na kipande cha mwisho ni cha vumbi. Nilikwenda kwa bodaboda mwezi Machi, tukakwama kwenye tope, na nilirudi usiku nimechoka kabisa. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, mbebe maji na chakula. Juni na Julai Iringa kuna baridi kali, kwa hiyo sweta ni lazima.

Huko ndiko Mkwawa alikoishia baada ya miaka minne ya kuwindwa, huku kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe. Kaburi lipo, na juu yake kuna pango ambamo wataalamu wamechimbua mifupa ya watu na zana za mawe za maelfu ya miaka. Aliyetoka Kalenga jana akifika hapa hana haja ya kuelezwa kwa nini kaburi hili na fuvu lile viko sehemu mbili.

Isimila, kwenye barabara ya Mbeya, si ngome. Naitaja kwa sababu zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji watoto huziita minara, na zana za mawe zilizolala pale ni za zama za kale mno. Ni nzuri kwa nusu siku.

Wasomaji wa Mbeya msiseme nimewasahau. Kwenu nendeni Tukuyu, kama kilomita 70, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Boma lao bado linatumika kama ofisi za serikali, kwa hiyo nendeni siku ya kazi, mjitambulishe, na muombe ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Unganisheni na misheni ya Wamoraviani ya Rungwe, iliyoanzishwa 1891 chini ya mlima. Mwavuli usikosekane mwezi wowote. Mvua ya Tukuyu haina msimu wa kupumzika.

Mjomba ndiye aliyenikumbusha boma hilo. Jioni ile tukirudi kutoka Kalenga alikaa kimya mpaka Ipogolo, kisha akasema babu yake alikuwa akilipa kodi pale bomani Tukuyu, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na kuzaliwa hapo hapo, hajawahi kuingia ndani kwa ajili ya kutazama tu. Tumepanga Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka. Mpwa ameshasema kikofia chake anakuja nacho.