Mechi za Septemba kwenye hoki ya barafu: usihangaike na matokeo

Kwa wewe uliyehamia Kanada juzi na unaanza kuifuatilia NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, nikwambie kitu kilichonichukua misimu miwili kukielewa. Septemba yangu ya kwanza niliandika daftarini matokeo yote ya mechi za kujipima nguvu, pamoja na wafungaji. Ligi ilipoanza Oktoba, wengi wa wafungaji wale sikuwaona tena. Walishachujwa.

Timu huingia kambini na wachezaji 50, 60 hivi, lakini msimu ukianza kikosi hakiruhusiwi kuzidi watu 23. Nyota wana nafasi zao tayari. Wao wanacheza kidogo tu kurudisha pumzi na kasi. Wanaohangaika ni wanaogombea nafasi mbili tatu zilizobaki. Akikosa kijana wa miaka 18, mara nyingi anarudi ligi ya vijana. Aliyekomaa kidogo anashushwa AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Lakini mwenye uzoefu hashushwi hivi hivi: jina lake huwekwa wazi kwa saa 24, na timu nyingine yoyote inaweza kumchukua. Ndiyo maana kijana aliyeng'ara kambini anaweza kushushwa na mkongwe aliyechoka akabaki: kijana anashuka bila hofu ya kuchukuliwa na timu nyingine. Usimlaumu kocha kabla hujalijua hili.

Mimi siku hizi naangalia zaidi timu inapocheza pungufu, mtu mmoja akiwa ametolewa dakika 2 kwa faulo. Kocha anamwamini nani hapo? Usiku mmoja timu ilikuwa nyuma 5–1, mashabiki wameanza kuvaa makoti. Kijana mmoja mwenye namba sabini na kitu mgongoni (namba kubwa ndizo hupewa wanaojaribiwa) akajilaza mbele ya shuti. Kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, kikampiga kifundoni. Akainukia goti moja, akakisukuma mbali na goli lake, ndipo akachechemea hadi benchi. Kocha akainama, akamnong'oneza neno, akamgusa bega. Kwenye daftari langu la zamani usiku ule ungekuwa kipigo tu, kumbe yule alikuwa kwenye usaili wa kazi.

Makipa nao mara nyingi hugawana mechi, kwa hiyo mabao matano usimbebeshe mmoja. Na ukiwaona wakongwe wanacheza taratibu, jua kwamba kanuni inaitaka timu ipange angalau wanane wenye uzoefu. Wengine wapo kutimiza idadi.

Kwa mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji, kuanzia msimu wa 2026–27 kila timu inabaki na mechi 4 tu za maandalizi, huku za ligi zikipanda kutoka 82 hadi 84. Wakongwe watapona miguu, ila vijana nawaonea huruma, maana jioni za kuonekana zimepungua. Kwa hiyo wafuatilie mapema: chagua watatu wenye namba kubwa, ziandike, kisha kikosi cha watu 23 kikitangazwa utazame nani amebaki.