Kabla ya kuwalipa posho wanaojitolea bustanini

Ndugu mratibu, umeeleza kwamba bustani yenu ya mtaa pale Isevya, Tabora, ilianza na watu wengi wakati wa mvua, lakini tangu Juni wanaojitolea wamepungua, nawe unafikiria kuwalipa posho. Binafsi nisingeanza na posho, kwa kuwa ikikosekana mwezi mmoja tu, hata waliokuwa wakija kwa hiari watajiona wamedhulumiwa.

Chunguza kwanza nani anabeba maji. Tabora mvua hukatika kuelekea Mei na hairudi hadi karibu Novemba, kwa hiyo kazi iliyokuwa palizi na mazungumzo hugeuka kuwa ndoo asubuhi na jioni, na mara nyingi ndoo hizo huwaangukia akina mama wale wale, huku wengine wakitokea siku ya kuvuna na kupiga picha. Wekeni zamu ya maji iliyobandikwa ukutani, inayomhusu hata mwenyekiti, na matuta yafunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu udumu.

Mtu hupenda pia kuona jasho lake likizaa mapema. Tangulizeni mchicha, unaochumwa baada ya wiki tatu au nne, ndipo mfikirie nyanya zinazochukua miezi. Kila mmoja awe na tuta lake, na mgawo wa mboga ukubaliwe kabla ya kupanda. Anayeacha kuja, mfuate nyumbani umuulize sababu, maana kikaoni kila mtu atakuambia alikuwa na msiba.