Barua kwa mwanangu: kabla hujapaka rangi fremu ya duka la Kihonda, Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Waalaykum salaam. Huku Ngamiani hatujambo, mama yako goti linamsumbua kidogo lakini sokoni bado anakwenda kwa miguu yake na hataki kusindikizwa. Barua yako nimeisoma, na zile picha za duka nimezikuza kwenye simu ya mdogo wako mpaka nikaona tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Unasema bidhaa zipo, bei zako ziko chini ya za jirani, na bado jioni watu wanapita mbele yako wakienda kununua sukari kwake. Kampuni ya soda imejitolea kupaka duka zima rangi yao bure. Mumeo anataka kibaraza kisogezwe mbele, kiwekwe vigae na kipaa cha bati. Wewe una laki nne mkononi na unaniuliza uanze na lipi.

La kibaraza liache kwanza. Duka lako liko ukingoni mwa barabara kuu ya Dodoma, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Zile X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta za watu mmeziona wenyewe, na mwenye X nyekundu halipwi fidia. Chukueni futi kamba mpime, kisha mwende kwa mtendaji wa mtaa mkaulize mpaka uko wapi hapo kwenu. Halafu fremu yenyewe mmepanga. Vigae havibebeki mwenye nyumba akipandisha kodi. Chochote mtakachoweka mbele ya duka kiwe cha kung'oa na kuondoka nacho.

Hao wa soda sikukatazi. Ila jua unachouza unapowapa ukuta. Kwenye picha yako ya pili nimehesabu maduka matatu yenye rangi ileile nyekundu. Mtu akimtuma mtoto "nenda lile duka jekundu", mtoto ataishia la kwanza analolikuta, na la kwanza si lako. Nembo yao itakuwa kubwa kama mlango, jina lako litakuwa dogo pale chini, na anayepita ataona soda wakati wewe unaishi kwa unga na mchele. Nyekundu nayo juani huchujuka upesi, na ikichujuka usitegemee warudi kupaka tena. Wape ukuta wa ubavuni, ule unaotazama kiwanja kitupu. Wakiukubali, waandike kwenye karatasi kwamba ada ya bango, kama halmashauri itaidai, ni juu yao. Wakikataa, hujapoteza kitu.

Sasa nikwambie nilichokiona mimi. Shida ya duka lako ni kwamba ndani hakuonekani.

Simama ng'ambo ya barabara saa kumi jioni, jua likiwa linaupiga ukuta wako, utazame dirishani. Utaona nondo, na nyuma ya nondo giza. Jicho lililozoea mwanga wa nje halioni kitu ndani ya chumba chenye rafu za kahawia na balbu moja iliyozimwa ili umeme wa LUKU usiishe. Wewe uliye ndani unawaona wote wanaopita, kwa hiyo unadhani nao wanakuona. Hawakuoni. Hawajui kama umefungua, hawajui kama sukari ipo, na mtu aliyetoka kazini amechoka hasogei dirishani kuuliza kitu ambacho huenda hakipo. Kwa jirani anaona mifuko ya unga imepangwa chini ya taa, basi anapitiliza huko.

Hela ya kwanza iende ndani, ingawa umeniuliza ya nje. Paka nyeupe ukuta wa nyuma na dari. Funga taa mbili za LED zitazame rafu, zisiangaze macho ya mteja wala kichwa chako, na uziwashe hata mchana. Wati 9 kila moja haziwezi kukufilisi. Bandua yale matangazo ya vocha yaliyoziba nusu ya dirisha, na ya kampeni za uchaguzi yaliyobaki vipande. Acha moja tu la uwakala wa kutuma pesa, maana hilo watu wanalitafuta.

Halafu rafu inayotazama dirisha. Sasa hivi naona umepanga dawa za viatu, madaftari na betri, vitu anavyonunua mtu mara moja kwa muda mrefu. Pale weka vya kila siku: unga, mchele, mafuta, sukari, sabuni. Mali yenyewe ndiyo tangazo. Tazama Kariakoo, mtu anatundika vitenge kuanzia juu ya mlango mpaka usawa wa uso wako, bango huna hata haja ya kulisoma. Wewe tundika ndoo, mifagio na majembe pembeni mwa mlango, asubuhi unatoa, jioni unaingiza. Chakula cha wazi usikitoe nje na vumbi lile la malori, afisa afya hatakuacha. Mitungi ya gesi iondoe juani, ikae kwenye kizimba chenye kufuli, kivulini, hewa ikipita. Na kreti tupu zipeleke nyuma. Nilipoziona mbele nilidhani mnahama.

Kivuli unakihitaji, kwa kuwa duka linatazama magharibi na jua la alasiri linaharibu biskuti na kupausha pakiti za sabuni. Turubai kwenye mabomba mawili ya kuchomoa linatosha. Lakini usinunue la buluu kwa sababu ni rahisi. Chini ya turubai la buluu nyanya inakuwa na rangi ya kitu kilichokaa siku nne, na uso wa muuzaji nao vilevile. Tafuta jeupe au la maziwa.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, ila picha imelisema: lile benchi mbele ya dirisha na vijana wa bodaboda watano juu yake. Ni wateja wako, najua, wanakunywa soda na kununua vocha. Lakini mama mwenye kikapu, au binti wa shule aliyetumwa chumvi, hapiti katikati ya magoti ya wanaume watano kufika dirishani. Anavuka kwenda kwa jirani. Usiwafukuze. Mwambie mumeo aongee nao kwa heshima, benchi lihamie chini ya ule mwarobaini, na yeye awe wa kwanza kukaa huko akiwa na kahawa. Watamfuata.

Na ule ubao mmoja juu ya mtaro, nao ni hivyo hivyo. Mimi kwa umri wangu nisingeupita nikiwa na kilo 5 za mchele. Wekeni daraja la mbao nzito lenye upana wa hatua mbili, lisizibe maji. Zege msimwage bila kuuliza wanaosimamia barabara.

Nimekuja kwenye bango, na hapa nivumilie, maana hii ndiyo kazi iliyowasomesha. Bango lako lipo bapa juu ya mlango. Wanaolisoma ni walio ng'ambo ya barabara. Lakini wanunuzi wako wanashuka kwenye daladala upande wako na kutembea kando ya ukuta, bango likiwa juu ya vichwa vyao. Hao wanahitaji kibao kidogo kinachotoka ukutani kwa ubavu, kimeandikwa pande mbili, kifungwe juu ya kimo cha mtu mrefu aliyebeba mzigo kichwani.

Maneno yawe machache. Jina la duka, na chini yake UNGA, MCHELE, SUKARI, GESI, basi. "Wauzaji wa bidhaa mbalimbali za jumla na rejareja" ni maneno ya kwenye risiti, hakuna aliyewahi kuona njaa ya bidhaa mbalimbali. Herufi ya sentimita 25 inasomeka bila taabu kutoka mita 30. Ukiipunguza nusu, umbali nao unapungua nusu. Nyeusi juu ya njano, au buluu iliyokolea juu ya nyeupe. Vile vivuli na mapambo ambayo vijana wanaweka kwa kompyuta vinapendeza ukiwa umesimama, na wateja wako wanatembea.

Kwa kuwa bei yako ni nzuri, iandike. Ubao mweusi mdogo kando ya dirisha, chaki, bidhaa tatu tu na bei zake, na ufute siku ileile bei inapobadilika. Watu wengi hawaulizi bei kwa kuogopa kuonekana hawana. Jirani hajaandika zake, nimeangalia.

Rangi ya nje ije mwisho, kabla masika ya Machi hayajaanza. Kwangueni ile ya zamani kwa brashi ya waya. Pale ukuta unapotoa chumvi pasipakwe mpaka pakauke, la sivyo itabanduka kama magamba. Juu rangi ya maji, nyeupe ya maziwa. Chini, kuanzia ardhini mpaka usawa wa goti, rangi ya mafuta ya kahawia, kwa sababu mvua ya Morogoro inarusha tope mpaka hapo, na ya mafuta unaifuta kwa kitambaa chenye maji ukaendelea na kazi.

Kibao usimpe fundi wa huko. Nakuja baada ya Idi. Ninunulie bati bapa la futi 2 kwa 3, kopo la nusu lita la njano na la nyeusi, zote za mafuta, na tina. Brashi nakuja nazo, za madukani siku hizi zinanyonyoka. Bati lipakwe praima wiki moja kabla sijafika, pande zote mbili, na kingo pia, kutu huwa inaanzia kingoni.

Baba yako