St Germain ni bendi au mtu?
Mkuu umeuliza kama St Germain ni bendi, aisee ni mtu mmoja tu, Mfaransa anaitwa Ludovic Navarre, anachofanya anawaita wanamuziki studio wanapiga tarumbeta, saksofoni, kinanda, halafu yeye anabaki na mashine zake anakata anaunga anawekea biti ya hausi, ule muziki wa kudansi wa klabu, kwa chini. Anza na albamu yake Tourist ya 2000, ilitoka Blue Note, yaani lebo ya jazi yenyewe, sio mchezo. Humo kuna wimbo Rose Rouge, lazima ushausikia mahali hata kama hujui jina, ile sauti ya mwanamama inayojirudiarudia ni Marlena Shaw, imechomolewa kwenye shoo yake ya tamasha la Montreux kule Uswisi 1973, na mdundo ule ni wa Take Five, wimbo wa jazi wa Dave Brubeck. Ila mi naipenda zaidi Montego Bay Spleen, gitaa la mzee Ernest Ranglin wa Jamaika mle ndani ni balaa tupu. Albamu ya Boulevard ya 1995 imepoa zaidi, hiyo ya usiku. Albamu ya 2015 kahamia kwa Wamali, kora na ngoni, ala zao za nyuzi, kibao, jazi kidogo sana humo, usije ukanilaumu.