Choo cha maji machache kuziba na kufurika

Salamu, dada. Umesema choo chako kipya cha maji machache huko mtaa wa Umoja kinaziba mara kwa mara na maji kumwagika sakafuni. Yakianza kupanda, usivute maji tena. Funga koki iliyo nyuma ya choo. Kisha fungua tangi. Choo cha aina hii hutumia lita 6 hivi, vya zamani 13 au zaidi, hivyo tangi lisipojaa hadi alama, uchafu hausukumwi. Siku za mgao wa maji hapa Nairobi mimi hushuku hilo kwanza. Maji yakishuka, mwaga nusu ndoo ya maji chooni kwa mkupuo. Ikishindikana, tumia mpira wa kuzibulia. Vitambaa vya kupangusia watoto visiingie humo kabisa, hata pakiti ikisema vinafaa! Na bafu likirudisha maji pia, bomba kuu ndilo limeziba: mwite mwenye nyumba.