Lugha moja ya taifa? Inategemea mmechagua ipi
Mkuu unasema nchi yenye lugha nyingi ichague moja tu mambo yatulie, mi naona ishu ni wamechagua ipi na kwa mtindo gani. Cheki Pakistani, 1948 Jinnah, kiongozi wa nchi hiyo, kaenda Dhaka, mji wa Wabengali upande wa mashariki, kawaambia watu Kiurdu peke yake ndo lugha ya dola, wakati Wabengali ndo walikuwa wengi kuliko wote kwenye hiyo nchi! 21 Februari 1952 wanafunzi wakaandamana, polisi wakawapiga risasi. Katiba ya 1956 ikaja kukitambua Kibengali lakini watu walishachukia, na 1971 hao Wabengali wakajitoa ikawa Bangladesh (kulikuwa na mambo ya kura na hela pia, sio lugha tu).

Indonesia walikuwa wajanja bana, vijana wao 1928 wakaapa kushika lugha moja na wakachukua Kimalei, kile cha biashara za bandarini, wakaacha Kijava ambacho ndo kilikuwa na watu kibao. Na Kijava chenyewe kina ngazi za heshima, hata kusema "kula" inabidi kwanza ujue unaongea na mwenzio au mkubwa wako, sasa mtu wa kisiwa kingine kama Sumatra ataanzia wapi? Kwetu Bongo nako ni hivyohivyo, tulichukua Kiswahili ambacho si cha kabila kubwa lolote, Msukuma na wingi wake wote hakununa kwa sababu hata Mhaya na Mchaga hawakupewa siti ya mbele. Ila mnaotaka mtoto achapwe shule kisa kaongea kilugha, hapo simo.