Jedi Linalopukutisha Majani

SWALI: Mhariri, nina mmea wa jedi (kwa Kiingereza "jade") sebuleni ambao ninaumwagilia kila asubuhi, lakini majani yake yamegeuka manjano, yamelainika na yanapukutika. Je, niutie mbolea? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Ndugu msomaji, mbolea iache kwanza, kwa kuwa mmea wako umezidishiwa maji. Jedi, ambalo asili yake ni Afrika Kusini na kusini mwa Msumbiji, huhifadhi maji katika majani yake manene, na mizizi yake huoza upesi ikikaa kwenye udongo uliolowa, hasa katika hewa ya pwani yetu yenye unyevunyevu. Ung'oe taratibu, ukate mizizi iliyo myeusi na laini, uuache kivulini siku chache ili majeraha yakauke, kisha uupande katika chungu chenye tundu chini, ukichanganya udongo na mchanga wenye chembe kubwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Mmea uuweke karibu na dirisha lenye jua la asubuhi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni: ukihisi ubichi, subiri, kwani jedi lenye kiu hujionyesha lenyewe kwa majani kusinyaa. Ikiwa shina nalo limeoza, okoa kitawi kigumu, kikaushe ncha, ukipande upya.